Somo kwa Wapiga Magitaa: Kusafisha Nyuzi Kuukuu



Karibu kila mtaa wenye kwaya ya vijana una gitaa lililotundikwa ukutani, au kulazwa juu ya kabati la sakristia, ambalo watu husema, "Hilo limekufa sauti." Aghalabu gitaa halikufa. Zilizokufa ni nyuzi. Na nyuzi nazo, ukizitazama vema, si zote zilizokufa. Nyingine zimelala tu kwa uchafu. Somo la leo ni la kujua tofauti ya mambo haya mawili, kwa maana wako watu wanaotupa nyuzi ambazo zingeweza kupiga miezi mingine mingi, na wako watu wanaosugua na kuchemsha nyuzi ambazo hakuna maji wala dawa ya kuzirudishia uhai. Wa kwanza apoteza fedha. Wa pili apoteza taabu yake, na pengine auharibu wimbo mbele ya watu, kama nilivyofanya mimi mwenyewe, nami nitawaeleza.

Tuanze na uzi wenyewe. Gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu hulijua kwa jina la galatoni, lina nyuzi sita. Mbili zilizo nyembamba kabisa ni waya mtupu wa chuma cha pua. Ule wa kwanza unene wake ni kama theluthi moja ya milimita, na katika magitaa ya umeme huwa mwembamba zaidi. Nyuzi nene ni namna nyingine. Hizo ni nyuzi zilizovikwa: ndani mna moyo wa waya wa chuma, na juu ya moyo huo umezungushwa waya mwingine, mizunguko imebanana bega kwa bega tangu mwanzo hadi mwisho. Waya huu wa kuvika, katika gitaa kavu, huwa ni shaba iliyochanganywa na zinki, au shaba yenye bati na fosforasi kidogo, namna iliyoanza kutumika katika nyuzi za magitaa mwaka 1974. Katika gitaa la umeme na la besi huwa ni chuma kilichopakwa nikeli, au chuma kisichoshika kutu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasitumie waya mtupu mnene, wakaacha taabu ya kuvika? Sababu ni kwamba waya mnene mtupu ni mgumu kama msumari. Haupindi vizuri, na sauti yake hupotoka. Uzi wa kuvikwa hupata uzito bila kupata ugumu. Ndipo uzi mnene wa besi huweza kutikisika polepole, kama mara 41 kwa sekunde, hali uzi mwembamba wa gitaa hutikisika mara 330 hivi. Basi kumbukeni jambo hili la mizunguko, kwa sababu habari yote ya uchafu iko humo. Waya mtupu hauna mahali pa kuficha uchafu. Uzi uliovikwa una mamia ya vijifereji, na kila kijifereji ni kibindo.

Uzi unapopigwa hautikisiki kwa namna moja tu. Hutikisika wote mzima, na papo hapo hutikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Ile mitikisiko midogo ndiyo inayoupa uzi mpya ule mlio wa kengele tunaoupenda. Sasa jasho la vidole lina chumvi na mafuta. Ngozi nayo huacha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Vumbi huja juu yake. Vyote hivi huingia katika vile vijifereji, vikashikamana kama matope katika meno ya kitana. Mitikisiko midogo ndiyo ya kwanza kuzimwa, kwa sababu haina nguvu ya kuushinda uchafu. Ile mikubwa huendelea. Kwa hiyo uzi mchafu hutoa noti ile ile, lakini ni kama mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi.

Tena uchafu hauketi sawasawa. Huwa mwingi mahali ambapo vidole hukaa sana, na mchache penginepo, nao uzi huwa mzito huku na mwepesi kule. Ndipo utaona gitaa limelinganishwa vizuri likipigwa wazi, lakini ukiubana uzi katikati ya shingo, sauti inakwenda kombo. Wapigaji wengi hulilaumu gitaa, au humlaumu mwenzao aliyelilinganisha.

Haya ndiyo magonjwa ya uchafu, nayo yana dawa. Lakini uzi una magonjwa mengine matatu ambayo si uchafu.

La kwanza ni kutu. Kutu si kitu kilichowekwa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilicholiwa. Ukiiondoa kutu umeondoa sehemu ya uzi. Sisi tunaoishi karibu na pwani twaijua habari hii kwa mabati ya nyumba zetu. La pili ni makovu. Kila unapoubana uzi juu ya freti, yaani vile vyuma vidogo vilivyolala kukata shingo ya gitaa, chuma hukutana na chuma, na baada ya muda tumbo la uzi huwa na vishimo. La tatu ni uchovu. Uzi hukaa umevutwa kwa nguvu mchana na usiku. Nyuzi sita za gitaa kavu kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 70 hivi, na nyuzi nne za besi hufika kiasi hicho au kupita. Chuma kinachovutwa, kulegezwa na kuvutwa tena huchoka, kama vile waya unavyokatika ukiupinda huku na huku.

Kabla hujasafisha, basi, chunguza. Lete gitaa mahali penye mwanga. Pitisha ukucha chini ya kila uzi, upande ule unaotazama ubao, tangu freti ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Ukucha ukikwamakwama juu ya kila freti, hayo ni makovu, na ukisikia waya wa kuvika umelegea au umekatika, usisumbuke nao. Futa uzi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheusi, ni uchafu, nawe una tumaini. Kikitoka cha rangi ya udongo mwekundu, ni kutu. Halafu tumia sikio: gusa uzi kwa wepesi, bila kuubana, juu kabisa ya freti ya kumi na mbili, uupige, na kuondoa kidole, utatoa sauti nyembamba ya kengele. Kisha ubane pale pale na kuupiga. Sauti hizi mbili zatakiwa kuwa moja. Zikitofautiana katika gitaa ambalo zamani lilikuwa sawa, uzi huo una uzito usiolingana. Usafishe, kisha ulipime tena jambo hili. Kama kasoro imebaki baada ya kusafisha, basi ilikuwa ni kovu wala si uchafu.

Natamani kila mwalimu wa kwaya angewafundisha vijana kipimo hiki cha ukucha na kitambaa kabla ya kuwafundisha jambo lingine lolote juu ya nyuzi. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe. Nyuzi nyembamba zilizo tupu hazihitaji elimu kubwa. Zifute kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Kama zimeanza kutu nyepesi tu, zaweza kusuguliwa taratibu kwa stilwaya laini. Lakini usisugue stilwaya juu ya gitaa la umeme kabla hujafunika zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, maana vipande vya chuma vitaruka na kunasa pale, na kuvitoa ni adhabu. Nami husema wazi: uzi mwembamba ulioota kutu, unauzwa kwa bei ndogo kuliko zote, ukiweza, nunua mwingine.

Penye maneno mengi ni kwenye nyuzi nene, na hasa za besi. Seti ya nyuzi nne za besi ina gharama kubwa kuliko seti ya nyuzi sita za gitaa, na mara nyingi huagizwa kutoka mjini. Ndiyo maana watu wamebuni njia nyingi za kuziamsha, nyingine njema, nyingine za kuhuzunisha.

Njia ya zamani iliyoenea kila nchi ni kuchemsha. Nyuzi hufunguliwa, hukunjwa mviringo, hutiwa katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi au zaidi kidogo, kisha hukaushwa. Yafaa kusema kweli: njia hii hufanya kazi. Maji ya moto huyayusha mafuta ya jasho, uchafu hulegea, nawe utayaona maji yamekuwa na utando wa kijivu. Ukizifunga tena nyuzi, utashangaa kwa uzuri wa mlio. Lakini kazi hiyo ni ya siku chache. Sehemu ya uchafu hubaki ndani, na jambo baya zaidi, maji nayo hubaki ndani, kati ya waya wa kuvika na moyo wa chuma, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hapo kutu huanza kazi yake kwa siri.

Mimi nilijifunza hayo Jumamosi Kuu moja, zamani nilipokuwa kijana wa kupiga besi katika kwaya ya mtaa wetu. Nyuzi zetu zilikuwa na umri usiojulikana. Nilisikia kwamba wapigaji wa mjini huchemsha, basi nikachukua sufuria ya mama, nikachemsha kwa maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kiasi cha kuacha weupe ndani ya birika. Nikazitoa, nikazifuta kwa haraka, na kwa kuwa nilitaka zipendeze nikazinyoosha zile ncha zilizokuwa zimejikunja kwenye vigingi, zikawa kama mpya. Jioni katika mkesha, besi ililia kama kinanda. Wenzangu walinipongeza, nami nikajiona fundi. Asubuhi, katikati ya Utukufu kwa Mungu Juu, uzi wa pili kwa unene ulikatika kwa kishindo pale pale penye kigingi, ukamchapa mkononi mwimbaji wa sauti ya tatu. Tuliimba Pasaka nzima bila besi. Mama naye alikuwa na lake la kusema juu ya sufuria.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yangu. Maji ya chumvi ni mtego kwa chuma. Ukilazimika kuchemsha, tumia maji ya mvua, na sufuria isiyopikiwa chakula. Na kosa la pili ndilo lililoukata uzi: nilinyoosha kunjo la zamani. Mahali ambapo uzi umekwisha kujikunja kwenye kigingi, chuma kimekwisha kuchoka. Ukikinyoosha na kukikunja tena mahali papya, umekivunja nusu. Uzi unaorudishwa yafaa urudi katika kigingi kile kile, kwa kunjo lile lile, na idadi ile ile ya mizunguko.

Njia iliyo bora kwa nyuzi za besi ni kuziloweka katika spiriti. Nayo ni ile spiriti ya kuwashia, ambayo wazee wetu waliitumia kupasha moto karabai na jiko la Primus. Ubora wake juu ya maji ni huu: huyayusha mafuta, kisha hukauka yenyewe yote bila kuacha unyevu wa kuleta kutu. Angalieni mnachonunua. Spiriti ya dukani inayouzwa kwa ajili ya vidonda mara nyingi ni sehemu 70 tu kwa mia, na zilizobaki ni maji. Hiyo haifai sana. Na spiriti nyingine za kupaka ngozi hutiwa mafuta ili ngozi isikauke. Hiyo haifai hata kidogo, maana utakuwa unaosha mafuta kwa mafuta. Soma kibandiko.

Chukua mtungi wa kioo wenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Legeza nyuzi za besi taratibu, zote nne kwa zamu, kidogo kidogo, wala usiufungue mmoja wote hali wengine wamekaza. Zitoe bila kunyoosha kunjo. Zikunje kwa mviringo mpana kama sahani ndogo, uzilaze mtungini, na kumimina spiriti mpaka izifunike. Funika. Ziache tangu jioni hadi asubuhi, ukitikisa mtungi kila unapopita karibu. Asubuhi spiriti itakuwa imechafuka. Usiogope, hilo ndilo ulilolitaka. Zitoe moja moja, uzivute ndani ya kitambaa cha pamba (kipande cha khanga kuukuu hakina mfano), uzitundike penye upepo kivulini kwa saa mbili. Kama uchafu ulikuwa wa miaka, rudia kwa spiriti safi usiku wa pili. Ile ya kwanza iache itulie, mimina ya juu iliyo safi katika chombo kingine chenye jina, itafaa tena.

Nimezisafisha nyuzi za besi ya mtaa wetu kwa njia hii mara tatu. Mara ya kwanza zilirudi karibu upya, mara ya pili zilirudi vizuri, mara ya tatu zilirudi kiasi cha kutosha nyimbo za taratibu. Hivyo ndivyo inavyokuwa: kila safari uchafu hutoka wote, lakini makovu huwa yameongezeka.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana si jambo la mchezo. Spiriti huwaka upesi, na mvuke wake huwaka kabla yake. Na mwali wake mchana hauonekani vizuri, hata mtu huweza kuungua kabla hajajua kuna moto. Usiifungue chumba kimoja na jiko, kibatali, mshumaa au sigara. Usiipashe moto kamwe, hata kama umesikia kuwa hufanya kazi haraka ikiwa vuguvugu. Fanya kazi nje au penye dirisha wazi. Na la pili, spiriti hii ni sumu: ina kitu kiitwacho methanoli, ambacho hupofusha macho na kuua. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko. Mtungi wa nyuzi ukae juu ya kabati lenye kufuli, umeandikwa SUMU.

Tena spiriti isidondoke juu ya gitaa. Magitaa mengi yamepakwa vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, nayo huacha baka jeupe lisilotoka. Ndiyo maana ninahimiza nyuzi zitolewe. Ukitaka kuzifuta zikiwa mahali pake, pitisha kitambaa kikavu kati ya nyuzi na ubao, kisha utumie kingine kilicholoweshwa kidogo tu.

Iko njia nyingine ya wapiga besi wasio na spiriti wala muda. Huulegeza uzi kidogo, huuvuta juu kwa vidole, na kuuachia upige ubao. Hurudia hivyo mahali pengi pa uzi. Uchafu mkavu huruka, na ukiweka karatasi nyeupe chini utauona. Ni msaada wa siku moja, nami nisingependa kuona gitaa lenye ubao laini likitendewa hivyo kila wiki.

Sasa yale yasiyofaa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, alizing'arisha nyuzi za shaba kwa dawa ile tunayong'arishia vinara vya altareni. Ziling'aa kweli. Lakini dawa ile ina unga mwembamba, na unga ukakauka ndani ya vijifereji vyote, ukawa mweupe kama chokaa, na sauti ikawa kama ya kamba ya katani. Tulihitaji siku mbili za spiriti kuutoa. Wengine hutumia ndimu na majivu, kama mama zetu wanavyosugua shaba. Shaba itapendeza, lakini uzi hausikilizwi kwa macho. Na asidi ya ndimu, kama ile ya siki, hubaki ndani na kuula moyo wa chuma. Maji ya kuondolea madoa ya nguo, ambayo wengi huyaita jiki, ni mabaya kuliko yote; hukitia chuma kutu usiku mmoja. Mafuta ya taa huyeyusha uchafu, ni kweli, lakini huacha utando wa mafuta unaovuta vumbi jipya. Na mafuta ya nazi ya kuzuia kutu, ndugu zangu, ni kuualika uchafu rasmi.

Nyuzi nyingine zina sheria zao. Gitaa la nyuzi za nailoni lisichemshwe nyuzi zake. Zamani nyuzi za magitaa hayo zilitengenezwa kwa matumbo ya wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili matumbo hayo yaliadimika, kwa kuwa yalihitajiwa kwa kushona majeruhi, ndipo katika miaka ya 1940 Albert Augustine wa New York alipotengeneza nyuzi za nailoni, na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akazikubali. Tatu nyembamba ni nailoni tupu, hazioti kutu. Futa kwa kitambaa chenye maji, inatosha. Tatu nene zimevikwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na moyo wake ni nyuzi laini za nailoni. Zikishakuwa nyeusi na kulegea, hazina dawa. Ziko pia nyuzi za siku hizi zilizopakwa ngozi nyembamba ya plastiki juu ili jasho lisiingie. Hizo zifute tu. Ukizisugua kwa nguvu, ngozi ile hubanduka vipande vipande kama mabaka. Na nyuzi za besi zenye hariri ya rangi mwishoni, ujue rangi hiyo yaweza kutoka katika spiriti. Haidhuru sauti.

Yafaa pia tusidhani kwamba kila uzi uliofifia ni mgonjwa. James Jamerson, aliyepiga besi katika studio ya Motown kule Detroit, Marekani, na ambaye besi yake yasikika katika nyimbo nyingi za miaka ya 1960, alitumia nyuzi zilizovikwa utepe bapa, na hakuwa mtu wa kuzibadili isipokuwa zikikatika. Sauti ile nzito, fupi, isiyo na kengele, ndiyo aliyoitaka. Kwa kusindikiza waimbaji, mara nyingi hiyo ndiyo besi inayofaa, kwa kuwa haishindani na maneno. Basi kabla ya kuamsha nyuzi za besi, muulize mwalimu wa kwaya kama alikuwa akinung'unikia sauti yake au la. Lakini uzi unaokwenda kombo ukibanwa, huo hauna utetezi.

Watu katika sehemu nyingi za Afrika wamewahi kufunga magitaa kwa waya wa breki ya baiskeli, siku ambazo nyuzi hazikupatikana. Mimi siwalaumu, muziki mzuri umepigwa hivyo. Lakini waya huo hautengenezwi kwa vipimo vya sauti, nao hula freti upesi. Uzi halisi uliosafishwa, hata wa umri wa miaka, ni bora kuliko huo.

Kuhusu kurudisha nyuzi: kaza zote kidogo kidogo, tangu nene hadi nyembamba, kisha rudi tena mwanzo. Usisimame uso karibu na uzi kuukuu unaokazwa. Jicho halina akiba. Kama daraja la gitaa lenu halikugundishwa, bali limeshikwa na nyuzi tu, weka alama ya penseli mahali pake kabla ya kulegeza, la sivyo mtatafuta sauti wiki nzima. Linganisha, acha usiku mmoja, linganisha tena. Wenye simu zenye programu ya kupimia sauti wazitumie; wasio nazo wana kinanda, na wana masikio.

Na kinga ni hii, tena ni nyepesi kuliko yote niliyoyasema. Osha mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kushika gitaa, hasa aliyetoka kula. Baada ya kupiga, shika kila uzi kwa kitambaa kikavu kati ya vidole viwili, chini na juu, uvute tangu daraja hadi vigingini. Vijana wetu wakiisha kupiga Misa ya pili wakati wa kaskazi, mikono yao hutiririka. Dakika moja ya kitambaa wakati ule huokoa mwezi mzima wa nyuzi. Liweke gitaa ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha linalotazama bahari. Mtaani kwetu kitambaa kimefungwa kwa kamba kwenye mfuko wa besi, kwa kuwa vile vitatu vya kwanza viliishia kufutia viti.

Nyuzi zilizokwisha kabisa usizitupe uani, zinachoma miguu ya watoto na kuku huzimeza vipande vyake. Zikunje, uzifunge. Ule mwembamba ulio mtupu ufunge vijiti viwili kwenye ncha zake, umpe mama muuza sabuni. Hukata mche wa sabuni safi kuliko kisu chochote.